Zamu ya Usiku, Tangi la Tatu

Siku hizi naitwa mlinzi wa tangi. Sawa.
Zamani niliitwa mtu wa koki.
Kiwanda cha sabuni, nyuma ya reli, Vingunguti:
kila masika bosi alinipigia saa nane za usiku
akauliza swali moja tu,
"Kondo, mvua inanyesha huko?"
Nikijibu inanyesha, basi nimeshaagizwa.
Nazungusha koki mara saba kushoto,
na maji mazito, rangi ya chai iliyolala,
yanateremka mtaroni hadi Msimbazi
yakijifanya mvua.

Bondeni mchicha wa Mwasiti ulikuwa wa njano.
Mikono aliinawa kwa sabuni yetu.
Nilinunua mafungu mawili, nikamsalimu vizuri,
nikayatupa nilipokata kona.

Kisha akaja Tusekile, daktari asiye na sindano,
amebeba chupa ndani ya boksi la barafu
kama muuza aiskrimu.
Akasema, humu wamo mabilioni,
na wote wana njaa ya hicho unachomwaga.
Nikachungulia.
Niliona maji ya kuoshea mchele.

Akanichorea juu ya mfuko mtupu wa magadi:
bakteria ni andiko, herufi zake nne tu zinajirudia,
sisi tumechomeka maneno katikati ya sentensi;
sasa anakula glisirini, masalia ya sabuni yenu,
anatoa kimiminika cha kutengenezea nyuzi.
Maneno tu? nikauliza.
Akaandika TAKA.
Akaongeza silabi. TAKASA.
Nilicheka. Baadaye, kitandani, sikucheka,
maana taka ni uchafu na taka ni hamu,
na mimi miaka kumi na moja niliishi baina ya hizo mbili,
nataka mshahara, namwaga taka.

Nimewazoea.
Wanapenda joto la mwili wa mtu, thelathini na saba.
Uchachu ukizidi nawadondoshea magadi.
Hewa hawaitaki kabisa, kama watu wenye siri.
Harufu yao: togwa iliyosahauliwa jikoni,
na chini ya togwa, kiatu kipya.
Wakitoroka je? nilimuuliza.
Hawafiki mbali, akasema,
tumewanyima kitu kimoja wasichoweza kujitengenezea,
wanakipata humu ndani tu.
Nikaukumbuka mkataba wangu.

Jana umeme ulikatika saa sita.
Jenereta likakohoa mara tatu, likanyamaza.
Pampu ya maji baridi ikasimama,
na wao, kwa kula kwao, wakajipikia wenyewe:
thelathini na tisa.
Arobaini na mbili.
Nikamwaga ndoo kwa ndoo juu ya bati la tangi,
nikavua shati, nikaliloweka, nikalitandika pale
kama mzazi wa mtoto mwenye homa.
Simu ya Tusekile haipatikani.
Arobaini na sita.
Nikamulika kioo kwa tochi nikahesabu mapovu,
kumi, manne, moja,
nikasubiri lingine.

Lita elfu nne. Mchuzi wa maiti.
Sikujua kama watu hulia kwa ajili ya ukungu.
Sikulia. Nilikaa kwenye ndoo.

Ndipo mvua ikaanza.
Koki ya zamani bado ipo, imepakwa rangi nyekundu,
ina kufuli, na ufunguo ninao mimi,
pamoja na funguo za nyumbani, haujawahi kunikera mfukoni.
Mtaro ukaanza kuongea.
Mkono wangu wa kulia ukakumbuka: kushoto, mara saba.

Simu ikalia.
Si Tusekile.
Alikuwa ameshaambiwa, sijui na nani.
Hakuuliza wamekufa wangapi.
"Kondo," akasema, sauti ileile ya miaka ile,
"mvua inanyesha huko?"

Juu ya bati ilikuwa kama lori linalomwaga kokoto.
Nikaingia nyuma ya tangi, nikaikumbatia simu,
nikaizungushia shati bichi lililonuka togwa.

"Huku pakavu, bosi," nikasema.
"Pakavu kabisa."