Mti wa Nne

Kinga, umeniletea karatasi ya katekista
yenye swali moja na mistari kumi mitupu:
Imani hukuaje katika parokia yetu?
Muulize babu, kasema, yeye ni mwanakanisa wa siku nyingi.
Mwanakanisa! Miaka kumi na minane
nilisimama nyuma, karibu na maji ya baraka,
mahubiri yakianza nachomoka kuvuta sigara.

Haya, andika. Kwa wino, usifutefute.

Palikuwa na Alojz Piecha wa ghorofa ya tatu.
Tulichimba naye makaa miaka ishirini na mmoja,
mita mia saba chini ya matofali haya mekundu.
Mgodi ulipofungwa alikuwa wa kwanza kutia sahihi,
akapata kiinua mgongo. Mimi niligoma, nikatoka patupu.
Tangu hapo tukipishana ngazini kama paka.
Bibi yako alimpa heri za Noeli kwa niaba yangu,
bila kunitaarifu.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, husemwa.
Sisi tulikuwa vinga viwili vibichi:
moshi mtupu, na macho ya jirani yakiwasha.

Akaja Padri Norbert, kijana mwembamba asiyejua lolote,
au aliyejua yote, mpaka leo sina hakika,
akatafuta wanaume wanne wa kubeba paa la hariri
Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo.
Mti wa tatu akampa Alojz.
Wa nne, mimi.
Bega kwa bega, kilomita mbili,
altare nne zilizopambwa matawi ya miti ya magome meupe,
watoto mbele wakimwaga petali.

Mwaka wa kwanza nilibeba kwa hasira.
Yeye mfupi, mimi mrefu, mkono sikuushusha hata inchi.
Kwenye altare ya pili mvua ikanyesha,
maji yakatuama upande wake kama kwenye karai,
kisha yote, pwaa! shingoni mwa padri
aliyeshika monstransi. Hakutikisika.
Aliendelea kuimba, masikio yakidondoka.
Watu walicheka. Nami nilicheka.
Usiku sikupata usingizi.

Mwaka wa pili nilikunja kiwiko.
Basi, ni hilo tu. Usiandike kwamba nilisamehe, sikusamehe.
Nilikunja kiwiko
ili kitambaa kilale sawa juu ya Yule aliye chini yake.
Mkono ukaniuma siku tatu.

Mwaka wa tatu Alojz alikuja na viatu vya soli nene.
Niliviona. Aliona kwamba nimeviona.

(Mistari imekwisha? Geuza karatasi.)

Mwaka wa sita, kwenye mwinuko wa duka la mikate,
vumbi la mgodi lilimkaba, pumzi ikakatika.
Nikapunguza hatua. Wa mbele nao wakapunguza.
Kwaya, bendi ya wachimbaji yenye manyoya kofiani,
masista wawili, padri na Mungu mikononi mwake,
mtaa mzima ukatembea
kwa mwendo wa mapafu ya Alojz Piecha.
Akasema, bila kunitazama: "Asante, Zygfryd."
Neno la kwanza katika miaka kumi na moja.
Nami nikamjibu nini? "Angalia, kuna shimo."

Jumamosi iliyofuata nilipiga magoti kitubioni
nikaungama, kwa mara ya kwanza,
dhambi zangu badala ya zake.

Tulimzika Februari, udongo mgumu kama chuma.
Mti wa tatu umeegemea ukuta wa sakristia,
na padri, mvi zimeshamwingia, ananiuliza nani ataushika.

Mpelekee katekista karatasi yake. Kisha uje.
Wewe ni mfupi, najua.
Kiwiko changu kimekwisha zoea.