Barua za Alhamisi

Ghorofa ya pili, Barabara ya Kirinyaga,
juu ya duka la giaboksi kuukuu,
tuko wanne na meza moja yenye mguu mfupi
tuliyoiinua kwa kitabu cha nyimbo kisicho na jalada.
Chini, nyundo hazinyamazi.
Sisi twaandika kwa mkono,
maana tunaowaandikia hawana simu,
hawana stima wala hawaitaki:
Waamishi wa Ohayo, watu wa farasi na taa ya mafuta,
ambao sijapata kuwaona
ila kwenye kalenda aliyoileta mchungaji,
wametupa mgongo.

Zipora huandika kama anayepalilia, hafuti kitu.
Fidelis huanza kila barua na hali ya hewa.
Mwalimu Ombati, mkaguzi wa shule mstaafu,
huzisoma zote kabla hazijafungwa,
kalamu nyekundu sikioni,
na swali lake ni lile lile: "Aya iko wapi?"

Tuliambiwa, msibishane.
Msiyacheke mavazi yao.
Waambieni neema ni bure.
Nikaandika neema ni bure, mwaka mzima,
nikibandika stempu ambazo hazikuwa bure,
na Posta ikameza
kama kisima kisichorudisha mlio wa jiwe.

Kisha Machi, bahasha.
Mwandiko wa penseli, herufi wima
kama watoto kwenye gwaride.
Malinda Yutzy. Ng'ombe wake amezaa.
Theluji imegoma kuondoka.
Dadake aliliacha kanisa; siku hizi akija
huandaliwa meza ya kando,
"nami ndiye ninayeitandika,
kwa kitambaa kizuri kuliko chetu."
Na chini kabisa, penseli imekandamizwa:
"Umeniandikia mara saba kuhusu mlango.
Hakuna anayeujua mlango hivyo
ila aliyewahi kuupita akienda zake.
Wewe uliacha nini?"

Niliikunja barua. Nikaikunjua.
Hawa watatu sikuwa nimewaambia.
Sikuwa nimeitaja Gakoe,
ngoma za alfajiri na vilemba vyeupe,
nyanya akikifua changu kwa maji ya mvua,
akikianika mbali na nguo nyingine.
Homa ya kakangu. Maombi siku nne.
Na siku ya tano mimi, kichwa wazi,
nimembeba mgongoni kwenda zahanati.

Alipona. Hapo ndipo penye uzito.
Angekufa, tungelia pamoja.
Alipona, na nyanya akawa ananipokelea uani,
chai katika kikombe cha wageni.

Saa kumi na mbili jioni stima ikapotea.
Mtaa mzima uliguna.
Nyundo zikakoma moja moja,
Zipora akawasha mshumaa,
na kwa mara ya kwanza katika chumba kile
nikaisikia kalamu yangu.
"Leo na sisi ni Waamishi," Fidelis akasema.
Tukacheka. Halafu hatukucheka.

Nikaandika kilemba. Nikaandika maji ya mvua.
Nikaandika kikombe chenye waridi la buluu,
ambacho hadi leo sijui
kilikuwa adhabu
au ndicho kizuri pekee alichokuwa nacho.

Mwalimu akaisogeza karatasi karibu na mwali.
Alisoma. Akarudi juu, akasoma tena.
"Aya iko wapi?"
"Haipo."
Kalamu nyekundu ilishuka kutoka sikioni,
ikasimama hewani,
nta ikadondoka mezani mara mbili,
kisha akasahihisha koma. Moja tu.

Akafunga bahasha mwenyewe.
Tukiwa ngazini, gizani,
kila mtu akipapasa ukuta wake,
akaniuliza bila kugeuka:
"Nyanya bado yuko?"
"Yuko."
"Barua ya Gakoe," akasema,
"haili stempu nyingi."