Povu la Kunduchi

Mwaka ule wa foleni, baba alikuwa karani wa forodha,
akihesabu magunia ya wenzake.
Nyumbani tulifua kwa majani ya mpapai.

Usiku msako ulipofika Kunduchi
Bi Mwanakheri alijitwika katoni,
akateremka hadi kwenye miamba, pekupeku,
akazitosa sabuni za magendo kipande kwa kipande,
za waridi, kutoka Unguja.
Hakulia. Alihesabu.

Kulipokucha mawimbi yalitema povu jeupe mno.
Mgambo walipita wakinusa shingo za wanawake
kama wachaguao mananasi.

Baba akaandika: Hakuna kilichoonekana.
Mwandiko wake wa kulala, mzuri,
na muhuri juu.

Jioni alinipakata.
Viganja vyake vilinukia waridi.
Sikuuliza.
Mtoto wa mtumishi wa serikali,
nilikwishajifunza kubana pumzi.