Kabati la Boti, Mikindani

Bao hili halina mishipa wala fundo.
Nimelipapasa, sijui lilikulia upande gani wa jua.
Msumeno ukienda mbio linayeyuka, linang'ang'ania meno;
basi nakata polepole, kama asomaye barua ya deni.

Gundi halitaki. Mchana kutwa nimelibembeleza,
ikabanduka kama ukoko.
Haya, skrubu,
na mlangoni mwanya wa unene wa kucha,
maana joto hulitanua.

Nahodha Chilumba kaligonga: "Hili litanizika."
Kweli. Mchwa hana lake hapa, wala chumvi.

Jioni Bi Somoe kaja na pakacha
kuchukua maranda ya kuwashia jiko.
Kainama, kashika nyuzi nyeupe kama nazi iliyokunwa,
kazinusa.

Kaondoka na pakacha tupu.
Nikaingia uvunguni mwa meza
kutafuta kipande cha mninga.