Mfuko wa Kumi na Moja

Jumanne na Ijumaa, saa tatu usiku,
kocha Tengizi hugonga mlango kwa goti
maana mikono imejaa mifuko.
"Nazibrola, samahani," kila mara samahani,
kana kwamba jasho lote hilo amelitoa yeye.

Fungua dirisha kwanza. Theluji ianguke isianguke, fungua.
Mfuko uliolala umefungwa una hasira zake:
legeza kamba tu, unakutukana puani.
Hapo ndipo utajua kikulacho ki nguoni mwako
si methali, ni taarifa.

Nilianza vibaya, sifichi.
Nilichemsha. Koti la judo la Zviadi likarudi mikono imeishia viwikoni,
akaenda nalo Gori kwenye mashindano, wakamcheka,
akawaangusha watatu huku wakicheka.
Kisha nikanunua dawa ya kulainisha, ile yenye picha ya kondoo.
Asubuhi nguo zinanukia waridi;
jioni jasho limepanda juu ya waridi, limekaa,
na kwa mchanganyiko ule hata sabuni ya kipande haifui dafu.
Mama mkwe, aliyefua mavazi ya mafundi wa tanuri la chuma
mpaka kiwanda kikazimwa,
akanusa, akaimwaga chupa chooni bila kuniuliza.
"Shuka stoo," akasema. "Lete siki."

Siki ya zabibu nyeupe, kikombe kimoja kwa beseni.
Damu, maji baridi. Jasho, vuguvugu.
Geuza nguo, ndani ije nje,
kwapa magadi, kola kidole gumba.
Roweka. Kanywe chai. Usirudi upesi.
Na sabuni iwe haba: sabuni nyingi ni kama maneno mengi msibani,
huganda pale pale na hayamfuti mtu chozi.

Sasa nawajua gizani.
Guramu ni kitunguu saumu.
Bondo ana woga; jasho la woga ni kali kuliko la kazi,
lake nalisuuza mara tatu na simwambii.
Eteri, msichana peke yake kati yao, huacha peremende
ndani ya mkono wa koti aliokunja.
Yangu, au kasahau? Naila.

Mfuko wa kumi na moja ni wa Malkhazi.
Tangu Oktoba koti lake hurudi kavu,
limekunjwa mkunjo wangu mwenyewe, tatu kisha mbili.
Lakini fulana ya ndani ina unga kwenye mishono,
ina harufu ya chachu,
na chumvi imechora ramani mabegani, si kifuani:
jasho la mtu anayebeba, si la anayemwangusha mwenzake.
Kiwanda cha mikate kiko nyuma ya stesheni. Zamu yaanza saa moja jioni.
Mama yake yuko Ugiriki, anamwogesha bibi wa watu;
wadogo zake wawili wako ghorofa ya tisa, hapo ng'ambo.

Basi nikalitia koti kavu majini,
nikalisugua lisilo na doa,
nikalianika katikati ya mengine
ili Tengizi, akija, ahesabu kumi na moja yaliyolowa.

Ijumaa akagonga kwa goti.
Akatua mifuko. Hakuondoka.
"Lile la Malkhazi," akasema,
akitazama theluji inavyoyeyuka kwenye viatu vyake,
"liongezee siki kidogo. Kijana anatoka jasho sana."
Nikasema ndiyo, nimeona.

Kamba yetu huvuka ua mpaka jengo la pili; kapi hulia kwa kutu.
Usiku ule baridi iliyagandisha makoti kama mbao,
yakabaki wima juu ya magari, mikono wazi,
moja likinukia siki kuliko yote.