Kalibu Tatu

Risasi ninayoisema siyo ya bunduki.
Bi Rayya, jirani, alinisikia kupitia ukuta
nikimwambia kaka kwenye simu, "Leo nayeyusha risasi,"
akaja mbio, baibui halijamkaa.
Nikamwonyesha sufuria: vipande vya kijivu
vya kusawazishia magurudumu, kilo nne,
kutoka kwa Shaji wa karakana ya matairi, Wadi Kabir,
kwa bei ya chai na sambusa mbili.
"Haya," akasema. "Sumu tu, basi."
Akavuta kiti, akakaa upande upepo unakotoka.

Tuko juu ya dari, Quriyat, mwezi wa Januari,
hewa imeacha kutulamba shingo.
Jiko la gesi nimelisogeza mbali na eisii:
tone moja likidondokea risasi iliyoyeyuka
hulipuka, na uso ninao mmoja.

Kalibu ya kwanza ya alumini, imekuja kwa posta,
safi kama meno ya bandia.
Vishimo vyake vya gramu kumi,
vya samaki wa mito ya watu wengine.
Hapa kwetu, pima arobaini kwenda chini,
mkondo utakibeba chambo hicho kama unyoya.

Ya pili ya plasta, niliimwaga mwenyewe
ndani ya boksi la maziwa.
Samaki mkunje angali mbichi, walisema.
Plasta hawakuitaja.
Plasta mbichi ukiimiminia risasi inakutemea machoni.
Siku tisa juani, kisha oveni,
kisha igonge kwa ukucha: ikilia kama kigae, imekubali.
Itazaa vyambo ishirini, halafu itapasuka katikati
bila kuaga.

Ya tatu ya baba.
Shaba iliyopigwa weusi, nusu mbili,
bawaba ya mlango wa kabati,
na M.H. imechongwa kinyume
ili isomeke sawa tumboni mwa chambo.
Muhenna bin Hamdun, fundi wa mafriji, mtu wa Wete,
aliyefika na bisibisi saba
na Kiarabu cha kuswalia, si cha kununulia nyanya.
Nguru walimwelewa upesi kuliko wauza duka.

Lakini ndoana za siku hizi zina shingo nene.
Nusu mbili hazikutani;
risasi inavujia kando, inaganda
kama ukoko wa wali pembeni mwa sufuria.
Thuwaini, kutoka Sharja: "Usiiguse. Iweke kabatini."
Mimi natazama tupa.

Siku mbili nimeitazama.

Ya tatu nikafuta masizi kwa siki, kwenye mfereji wa ndoana,
nikaona mikwaruzo. Si yangu.
Mfereji ulishatanuliwa, na si mara moja;
pahali pamoja tupa ilimteleza,
akaziba kwa fedha, ile ya kuchomelea mabomba ya friji,
akaanza upya nusu ya punje pembeni.
Baba, aliyetuambia fundi hapimi mara mbili.

Nikaitia tupa.
Polepole, mkia wa panya, kwenda tu, bila kurudi,
vumbi la shaba likaninatia vidoleni.
Nikaifukiza kwa mshumaa mpaka tumbo lote likawa jeusi,
nikalaza ndoana, nikafunga, nikamimina.
Cha kwanza kilitoka bila kichwa: shaba ilikuwa baridi bado.
Cha pili pia, nikatukana kwa Kipemba.
Cha tatu kilidondoka kizima juu ya ubao,
M.H. ikisomeka,
gramu themanini na mbili kwenye mizani ya unga.

"Sasa samaki yuko wapi?" akauliza Bi Rayya.

Nikaosha mikono mara tatu kabla ya kugusa mkate.
Nikampigia Thuwaini: "Nimeikata."
Akanyamaza, nikasikia magari ya Sharja yakipita.
Kisha akasema, "Nisubie sita."