Mluzi Uliochelewa

Mji unaitwa Bala,
na usiku ule ulistahili irabu moja zaidi.
Mvua ya Wales haikunyesha, ilining'inia tu dirishani,
na Heledd, mhariri wa video za harusi na minada ya ng'ombe,
alikuwa ameishika simu ya Iestyn, kioo kimepasuka pembeni,
ndani yake dakika kumi na mbili
za mbwa mmoja, kondoo watano,
na mzee Idwal amesimama kwenye kigingi chake.

Kesho saa nne kuna mnunuzi, yuko Norway.
Hanunui maneno. Anataka kumwona mbwa akitii.

Kwanza, giza.
Programu ililifungua faili ikatoa sauti tupu:
upepo, geti, mtu akikohoa,
na pale pa mlima, weusi.
Simu ilikuwa imeikunja picha kwa mkunjo wa kisasa
ambao kompyuta ya miaka tisa haikufundishwa kuukunjua.
Akatafuta kodeki, akaisakinisha, akazima, akawasha.
Mlima ukaja.

Ukaja ukichechemea.
Mot anaruka ukuta wa mawe, anaganda hewani,
anaonekana ng'ambo bila kutua.
Feni ya kompyuta inachacharika kama kikaango.
Heledd akatengeneza nakala nyepesi, za kufanyia kazi tu,
akaenda kuosha vikombe.
Aliporudi, mbwa alikuwa anakimbia kama mbwa.

Hapo ndipo shida yenyewe ilipovua kofia.

Dakika ya kwanza, mluzi na mbwa ni chanda na pete.
Dakika ya tano, mbwa anageuka, ndipo mluzi unasikika.
Dakika ya kumi, Mot amekwisha lala majanini
na Idwal ndiyo kwanza anamwamuru alale.

"Atasema mbwa ndiye anayenichunga mimi,"
mzee akanung'unika kitini, buti bado na matope.

Heledd alicheka, kisha akaacha.
Akafungua maelezo ya faili.
Fremu thelathini kwa sekunde, simu inadai.
Inadai tu.
Wingu lilipopita juu ya mlima, ikakosa mwanga,
ikapunguza: ishirini na saba, ishirini na nne;
jua likarudi, ikakimbilia thelathini tena
bila kumwambia mtu.
Programu nayo, karani asiyeuliza,
ikazihesabu sekunde zote kuwa sawa,
picha zikatangulia,
sauti ikabaki nyuma na fimbo yake.

Kumbe alikuwa anatafuta mawingu.

Akalipitisha faili lote kwenye kigeuzi,
akaliamuru: thelathini, kila sekunde,
kuwe na jua, kusiwe na jua.
Utepe wa kijani ukatambaa. Saa sita ikapita.
Idwal akasinzia, vidole viwili karibu na mdomo, kwa mazoea.

Kisha akatazama.
Geti linafungwa, kishindo papo hapo.
Mluzi, kushoto. Mluzi, lala. Kila amri na mguu wake.
Mpaka dakika ya nane na sekunde kumi na moja:
kondoo mwenye doa jekundu mgongoni anainua shingo,
Mot anakata kulia.
Halafu mluzi.

Akarudisha nyuma. Akayakuza mawimbi ya sauti,
akamtafuta yule mkohozi kando ya uzio,
kinywa chake kikifunguka, kikohozi chake kikitoka:
sawasawa, fremu kwa fremu.
Hakuna kilichoharibika.

Mkono ukaenda kwenye kipanya.
Ni kazi ndogo, kuusogeza mluzi robo sekunde;
wamesogezwa hata maharusi.

Aliyesinzia hakuwa amesinzia.

"Hapo usiguse," Idwal akasema.
"Hapo mimi ndiye niliyechelewa."